Samaki wa Bwana Afya

Mtu aliyehamia mtaa ule kwa mara ya kwanza hakukosa kubisha mlango wa Mama Samaki akiwa na sahani mkononi.

“Nipatie wawili wa kukaanga, mama. Wakubwa kidogo.”

Mama Samaki alicheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. “Mwanangu, mimi dobi. Lete mashuka nikufulie. Samaki nilio nao mimi hata paka hashibi.”

Kisha alimshika mgeni mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwinamisha kwenye ukingo wa kisima. Kule chini, jua la mchana lilipofika kwa kitambo kidogo tu, mgeni aliona vijisamaki vya kijivu, hakuna kilichozidi kidole cha mtoto, vikienda upande huu na upande ule.

“Sijapata kuuza hata mmoja,” alisema Mama Samaki, “na sijapata kumla hata mmoja. Hawa si wangu. Ni amana ya Bwana Afya.”

Kisima kilichimbwa na baba yake, fundi mwashi, enzi ambazo mtaa ulikuwa nyumba chache zilizoachana, na mtu akikohoa kwake jirani hasikii. Mji wa pwani una shida yake. Ukichimba hapa unapata chumvi, ukichimba pale unapata chumvi, na mtu anaweza kufa kiu huku bahari inamwimbia usiku kucha. Baba yake alichimba akitafuta maji ya kukorogea udongo tu. Akapata maji matamu. Aliyaonja, akayatema kwa mshangao, akayaonja tena. Mkewe alimwona amepiga magoti pale shimoni na tope mpaka viwikoni, akadhani ameumia.

“Kitu kitamu namna hii Mungu hampi mtu mmoja,” alisema yule mwashi. Akakijengea ukingo wa mawe, akabomoa kipande cha ua kwa nyuma, akaweka kijilango kisicho na kufuli. Tangu siku hiyo kisima kikawa sadaka. Mwenye ndoo aliingia, akachota, akaenda zake.

Mama Samaki alikuwa msichana mdogo Bwana Afya alipoingia kwa kijilango kile. Watoto wa leo hawajui Bwana Afya wa zamani alikuwa nani. Alivaa kaptura ya kaki iliyonyooshwa mpaka ikasimama, akabeba pampu ya dawa mgongoni, na fimbo mkononi ya kukorogea mitungi ya watu. Alimwaga mafuta kwenye madimbwi ili mbu wasizae. Alifungua vyoo bila kupiga hodi. Akionekana mwanzo wa mtaa, huku mwisho watu wanafukia makopo na kuficha mitungi chini ya vitanda, kana kwamba kaja kukamata wezi. Yule mwashi mwenyewe hakumpenda. Alisema serikali imekosa kazi mpaka inachungulia mitungi.

Ni mke wa mwashi aliyempokea. Mama huyo alikuwa na uso uliochimbika kwa makovu ya ndui, na ndui hiyohiyo ilimchukulia ndugu zake wakati hakuna mtu wa chanjo aliyefika kwao. “Mwacheni apite,” alisema. “Laiti kwetu angekuja mmoja kama huyu mapema. Mnamchukia kwa sababu nyuso zenu laini.”

Siku hiyo Bwana Afya hakuja na mafuta. Alikuja na debe la maji, akaliinamisha taratibu kisimani, na vijisamaki vikateleza ndani. Halafu akachuchumaa, akamtazama yule msichana aliyekuwa amesimama kidole mdomoni.

“Unawaona hawa? Hawa askari wangu. Wanakula viluwiluwi vya mbu kabla hawajaota mabawa. Nani atanilindia?”

“Mimi,” alisema msichana.

“Basi sikiliza. Mtu asitie kitu chochote humu. Si sabuni, si mafuta, si dawa. Samaki wakiwa hai, jua kisima chako kizima. Umenielewa, askari?”

Alielewa. Tena alielewa kupita kiasi, kama mtoto anavyoelewa neno la mtu mzima aliyechuchumaa kuzungumza naye. Alifukuza wenzake waliorusha mawe. Alimzuia shangazi yake kufulia ukingoni. Kila alipoamka, kabla ya kunawa uso, alikwenda kuchungulia askari kama wapo. Wenzake wakamwita Samaki. Alipoolewa na kupata mtoto wakamwita Mama Samaki, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye karatasi za serikali.

Bwana Afya alihamishiwa mji mwingine, hakurudi. Wazazi walitangulia mbele ya haki. Mume naye akafuata, Mungu awarehemu wote, na mtoto wake wa pekee akaolewa mbali. Nyumbani akabaki na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwembamba mwenye ulimi uliompita yeye mwenyewe kwa urefu. Wakaishi kwa udobi. Kazi ile ilitegemea kisima kuliko mikono yao, maana maji ya chumvi hayatoi povu hata ukiyasugua sabuni ya mche mzima. Mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya kinyozi, sare za watoto wa shule, yote yalipita pale. Mama Samaki alifua na kusuuza, wifi akatia wanga na kupiga pasi ya mkaa, na kazi ya mdomo wakagawana, ingawa si sawasawa.

“Wifi, koti la kinyozi limerudi na nywele za watu kumi,” wifi alisema. “Mwambie awe anafuga kondoo.”

Alfajiri, watu wakitoka kusali, foleni ilianza kwenye kijilango. Mama Samaki alikuwa na kikombe cha bati alichokining'iniza penye kamba. Mpita njia mwenye kiu alimtekea kwa mkono wake mwenyewe, akampa. Mzee muuza magazeti hakuanza kazi bila kikombe hicho. Alikunywa kwa kugugumia, akajifuta ndevu, akasema, “Alhamdulillahi, sasa hata habari mbaya nazibeba.” Mama Samaki alipomtazama akinywa alimwona baba yake anapata thawabu huko aliko, funda moja moja.

Mji nao ulinenepa. Pale palipokuwa na nyumba moja zikabanana nne, na kila nyumba na choo chake cha shimo, na shimo halina pa kwenda ila chini. Bwana Afya wa zamani angepita na fimbo yake akapima umbali. Lakini hakuna aliyepita tena, na Mama Samaki hakuwaza ya chini ya ardhi. Yeye alichungulia kisimani, akawaona askari wapo, akashukuru.

Zikaja mvua zile. Vyoo vya mtaa wa bondeni vikafurika, njia zikageuka mito ya maji ya rangi ya chai. Haukupita muda redio ikasema kipindupindu. Watu wakaanza kuogopana. Mmoja alisema kimeletwa na matunda ya barabarani, mwingine akasema na upepo. Mama Samaki alihubiri kwa kila aliyekuja kuchota.

“Msinywe maji ya ovyo,” alisema. “Njooni huku, haya nayajua mimi.”

Foleni ikawa ndefu mpaka barabarani.

Bwana Afya wa safari hii alikuwa mwanamke kijana, mwenye viatu vya mpira na begi la chupa. Mama Samaki alimwita Binti Afya tangu siku ya kwanza. Alipiga hodi mara tatu, akangoja, akavua viatu mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa zamani hawakuwa wakipiga hodi.”

“Nimesikia. Bibi yangu mpaka leo akisikia neno afya anaficha mtungi.”

Walicheka wote. Binti akateka maji kwenye chupa yake, akaenda nayo. Siku iliyofuata akarudi, na safari hii hakucheka. Nyuma yake kijana wa manispaa alibeba ndoo yenye mfuniko, na harufu ya dawa ikatangulia mbele yao.

“Mama, maji yako yamechafuka. Yameingiwa na ya vyooni. Nataka nitie klorini leo. Na hata baada ya dawa, watu wasiyanywe tena. Kufulia sawa, kunywa hapana.”

Mama Samaki alisimama kati yake na kisima, mikono bado ina povu.

“Hebu chungulia, mwanangu. Unaona nini?”

“Samaki.”

“Wazima au wafu?”

“Wazima, mama.”

“Basi. Samaki wazima, maji mazima. Hilo nimefundishwa na watu wa kazi yako, wewe hujazaliwa. Nimeambiwa kisitiwe dawa. Ukitia, hawa wanakufa. Kweli si kweli?”

“Kweli. Watakufa.”

“Sasa dawa inayomuua samaki itamponyaje mtu?”

Foleni ilishangilia. Fundi viatu, jirani wa ukuta mmoja, mtu wa maneno mengi na misumari mdomoni, aliitoa akapata nafasi ya kusema. “Mjibu, Bwana Afya! Au chuoni hamkufika sura hiyo?”

Binti Afya hakukasirika. Alichuchumaa kwenye ukingo, akasema polepole kama anayeongea na mama yake. “Mama, yule aliyekuletea samaki alikuwa anapigana na mbu, na kazi yake aliifanya vizuri. Lakini samaki haugui kipindupindu. Anaweza kuogelea ndani yake asubuhi mpaka jioni, wala asijue. Tunaougua ni sisi.”

“Ni amana,” alisema Mama Samaki. Sauti ilikuwa imepungua, ila miguu haikuondoka.

“Naweza kuja na askari wa kweli, mama, nikakifunga. Sheria ninayo. Sitaki. Nitakuja kesho asubuhi. Tafadhali, mpaka hapo, usimpe mtu kunywa.”

Alipoondoka watu walichota kama kawaida, tena kwa vicheko, na Mama Samaki hakuwazuia. Hakuweza. Kumwambia mtu asinywe maji ya kisima kile ilikuwa ni kumnyang'anya baba yake kitu kaburini. Lakini kikombe cha bati hakukitoa kwa mkono wake siku hiyo. Alijishughulisha na mashuka.

Wifi ndiye aliyemshika maneno walipokuwa wakikunja nguo.

“Kale kasichana hakana adabu?”

“Adabu anazo.”

“Basi hilo ndilo linalokusumbua. Angekutukana ungeshalala usingizi.” Wifi akateka maji kwenye mtungi, akanywa bilauri nzima kwa mkupuo, akaipindua juu chini. “Mimi nimekunywa haya tangu nije kwenye harusi ya kaka yangu. Yangeniua, yangeshaniua.”

Kabla jua halijapanda vizuri siku ya pili, wifi alikuwa hawezi kusimama. Ulimi wote ule ulikauka. Yalimtoka juu na chini, maji matupu kama ya kuoshea mchele, na macho yakaingia ndani kana kwamba mtu ameyasukuma kwa vidole. Mama Samaki alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akisoma dua zote alizozijua na nyingine akizichanganya. Gari la wagonjwa lilipofika, wale vijana walimbeba wifi kama wanabeba nguo zilizokamuliwa.

Kambi ya wagonjwa ilikuwa kwenye uwanja wa shule, mahema yamefungwa kwa kamba. Langoni kulikuwa na beseni la dawa la kukanyagia na ndoo ya kunawia, na muuguzi aliyesimama hapo hakumpitisha mtu bila kunawa, hata kama analia. Mama Samaki alikanyaga, akanawa, harufu ikampanda puani mpaka akakohoa. Ndani vitanda vilipangwa kwa safu, vya turubai iliyotobolewa katikati, na chini ya kila tundu ndoo. Hapakuwa na pazia. Mtu mzima na heshima zake alilala pale mbele ya macho ya watu, kwa kuwa maradhi yale hayamngoji mtu akimbilie chooni.

Wifi alikuwa na dripu mikono yote miwili. Alifumbua jicho moja.

“Wifi yangu. Wamenitoboa kama chandarua cha zamani.”

“Nyamaza upumzike.”

“Kitanda nacho kimetobolewa. Humu ndani kizima ni mdomo wangu tu.”

Mama Samaki alicheka na kulia kwa pamoja, akageuza uso ili asionekane. Hapo ndipo alipokiona kitanda cha pili. Aliyelala hapo alikuwa mke wa fundi viatu. Kilichofuata, msusi wa kona, ambaye kila Jumamosi alichota maji ya kuoshea vichwa vya wateja. Halafu pacha mmoja wa mama muuza mkaa, na mwenzake kitanda cha mbele. Akatazama safu ya ng'ambo. Mmoja mmoja waliinua mkono, aliyeweza.

“Shikamoo, Mama Samaki.”

“Mama Samaki, hata wewe umekuja kutuona? Mungu akulipe.”

Aliitika marahaba, marahaba. Lilikuwa hema la wagonjwa wa mji mzima, lakini yeye aliona foleni yake. Kama vile mtu amewachukua wote kutoka kwenye kijilango cha nyuma, wakiwa wamepangana vilevile, akawalaza.

Mwisho wa safu alilala mzee muuza magazeti. Ndevu zilikuwa zimegandamana. Mama Samaki aliinama karibu, na mzee alipomtambua akatabasamu.

“Binti wa mwashi,” alisema. Aliyemwita hivyo alikuwa yeye peke yake. “Haya maji yao yananuka dawa, hayapiti. Nikitoka hapa nataka kikombe kimoja tu cha maji yako.”

Mama Samaki alimfuta mzee ndevu kwa ncha ya mtandio, akanyooka, akatoka nje ya hema. Nyuma ya darasa moja lililofungwa alikaa chini kwenye mchanga, mahali ambapo hakuna mtu. Alizungumza na Mola wake kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayeulizana na mwenye nyumba. Ee Mola, baba yangu alichimba watu wachote, au alichimba watu waishi? Nikikifunga, nimemkatia sadaka yake? Na nisipokifunga, ni nani atakayempelekea baba hesabu ya watu hawa? Alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikamhama. Jibu halikushuka na mwanga wala sauti. Aliona tu kwamba baba yake, mtu aliyetema maji kwa mshangao na kuyaonja tena ili awe na hakika, asingeyatoa kwa mtu bila kuwa na hakika. Akainuka, akakung'uta gauni.

Binti Afya, ambaye wagonjwa hawakumpa nafasi ya kuja kisimani asubuhi ile, alikuwa kwenye meza ya dawa, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Njoo na ndoo yako, mwanangu,” alimwambia. “Lakini nipe nafasi kidogo asubuhi. Watu waambiwe na mimi, si wewe. Wewe watakucheka.”

Asubuhi foleni ilijipanga kama desturi, ndoo, madumu, masufuria. Mama Samaki alisimama mbele ya kijilango. Hakuwahi kuzungumza mbele ya watu, na sauti ilitoka nyembamba.

“Jamani, majirani zangu. Maji haya msinywe tena. Si leo wala kesho. Yamechafuka.”

Watu walitazamana. Mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. “Mama Samaki, si wewe uliyetuita juzi?”

“Ni mimi. Nilikosea. Niliwatazama samaki, sikuwatazama ninyi.”

Fundi viatu alijipenyeza mpaka mbele. Usiku mzima alikuwa kambini kwa mkewe, na uchungu wake haukuwa na pa kutua. “Ngoja kwanza. Kwa hiyo unataka kusema mke wangu hakuugua kwa matunda. Unataka kusema ni hapa? Ni wewe uliyemlaza pale?”

Mama Samaki angeweza kusema vyoo, na mvua, na manispaa ambayo haijapita miaka na miaka, na yote yangekuwa kweli. Choo cha fundi viatu chenyewe kilikuwa hatua chache kutoka pale.

“Maji yalitoka hapa, baba,” alisema. “Na aliyesema ni salama ni mimi. Nisamehe. Kama huwezi leo, nitakuja kukuomba tena. Ila usichote.”

Fundi viatu akaangalia chini kwenye dumu lake. Halafu akalipindua, maji ya jana yaliyobaki yakamwagika, akaondoka zake. Foleni ikayeyuka nyuma yake, mmoja mmoja, bila kelele.

Kabla ya dawa, Mama Samaki aliomba ruhusa moja tu. Aliteremsha beseni kwa kamba, na ndani yake unga kidogo, akalizamisha taratibu na kungoja. Samaki walikuja kula, wasio na wasiwasi, maana kamba ile waliizoea. Akainua. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Waliobaki chini walibaki.

“Nipe hao wa kwenye beseni,” alisema Binti Afya. “Kuna jengo kule mbele halijakwisha, shimo lake la msingi limejaa maji, na mbu wake wanatosha kuanzisha serikali. Watapata kazi.”

“Kweli, au unanifariji?”

“Kweli, mama. Siku hizi bado tunawatumia. Ila si kwenye maji ya kunywa ya mtu.”

Kijana wa manispaa alimimina dawa. Binti Afya alitaka kumpeleka Mama Samaki ndani, yeye akakataa. “Niliwapokea nikiwa nimesimama hapa,” alisema. Alisimama mpaka wale waliobaki walipopanda juu na kugeuza matumbo, akawatoa kwa chujio la jikoni, akawafukia chini ya kamba za kuanikia nguo. Hakulia kwa hao. Alilia mchana, ilipokuja habari kwamba mzee muuza magazeti amefariki.

Siku ya tatu fundi viatu alitokea na mbao. Hakusalimu vizuri. Alipima ukingo wa kisima kwa uzi wa kushonea viatu, akakaa chini, akatengeneza mfuniko, na bawaba akazikata kutoka kwenye mpira wa tairi, ule anaowekea soli.

“Mke wangu anarudi leo,” alisema, misumari mdomoni.

“Mungu ashukuriwe.”

“Anasema usije kuomba msamaha nyumbani, utamfanya apike.” Akagonga msumari mmoja kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. “Na choo changu nitakijengea shimo la saruji. Nimeongea na kale kabinti. Kanajua kusema na watu, kale.”

Gari la maji la manispaa lilianza kuja kila asubuhi, likasimama kwenye kona. Siku ya kwanza Mama Samaki alichelewa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubeba ndoo barabarani maishani mwake. Alipotokea na dumu lake, mtandio umevutwa mbele kidogo, watu wa mwanzo wa foleni walimwona.

“Mama Samaki, pita mbele! Pita, mama, usisimame juani.”

“Nipite kwa cheo gani?” alisema. “Jamani, foleni ni foleni. Kwangu nani alipita mbele?”

“Mama muuza mkaa alipita,” alisema msusi, ambaye bado alikuwa amejishika ukuta kwa unyonge. “Kila siku. Ulijifanya huoni.”

Kicheko kilipita kutoka mwanzo wa foleni mpaka mwisho, mama muuza mkaa akiapa kwa Mungu kwamba si kweli. Mama Samaki akaenda nyuma kabisa, akaweka dumu lake chini. Aliyekuwa mbele yake, mgeni mtaani, alimgeukia. “Mama, ni kweli unauza samaki?”

“Mimi dobi, mwanangu,” alisema. “Lete mashuka.”

Wifi alirudishwa siku hiyohiyo, mwepesi kama gauni kwenye kamba. Alikalishwa kitandani, mito nyuma yake, akatazama kila pembe ya chumba kana kwamba kimeibiwa kitu. Mama Samaki alimwekea bilauri ya maji mkononi na kuishikilia kwa chini. Wifi alinusa, akakunja pua.

“Yananuka.”

“Ndiyo.”

“Yananuka dawa kama koti la kinyozi.”

“Najua, wifi yangu. Kunywa.”

Wifi alikunywa funda moja, akakunja uso wote mpaka macho yakapotea. Akanywa la pili. Akamaliza bilauri, akaipindua juu chini kama kawaida yake, akamrudishia.

“Niongeze,” alisema.